Barua kwa Mwanangu: Moto wa Bawa la Kulia

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata, nikaisoma mara mbili, kisha nikasubiri nyumba itulie ndipo nikujibu. Unaniambia kwamba ulipotembelea jumba la makumbusho la jeshi la anga kule Hendon, London, ukasimama mbele ya Lancaster, ndege ya mabomu ya Waingereza ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, ulimkumbuka Norman Jackson ambaye nimekuwa nikimtaja tangu ukiwa mdogo. Ndipo ukaniuliza: mtu aliyetoka nje ya ndege ikiwa angani kwenda kuzima moto na moto haukuzimika, ndege ikaanguka na wenzake wawili wakafa, alistahili vipi Victoria Cross, nishani ya ushujaa iliyo kubwa kuliko zote za Uingereza? Ni swali la haki, na nimefurahi umeliuliza waziwazi.

Kwanza uijue kazi yake. Lancaster ilibeba watu 7, na rubani alikuwa mmoja tu. Kuliani kwake, kwenye kiti cha kukunja, alikaa mhandisi wa ndege, na hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ya Jackson. Injini 4 na matangi 6 ya mafuta yalikuwa dhamana yake: yeye ndiye aliyetazama geji za joto na presha ya oili usiku kucha, akaamua tangi lipi litumike sasa na lipi lisubiri, na kumweleza rubani kama mafuta yatawafikisha nyumbani. Jackson aliifikia nafasi hiyo kutoka chini. Alijiunga na jeshi mwaka 1939 akiwa fundi wa injini, akahudumia ndege za kutua majini aina ya Sunderland huko Sierra Leone, kisha akajifunza uhandisi wa ndani ya ndege. Mimi niliyeshika spana miaka yote ile unayoijua nakwambia kwamba fundi akishaizoea injini, mlio wake ukibadilika anashtuka hata akiwa amelala, na hitilafu yake anaiona kama deni lake mwenyewe. Jibu langu linaanzia hapo.

Usiku wa tarehe 26 Aprili 1944 Jackson na wenzake walitumwa kushambulia Schweinfurt, Ujerumani, mji uliokuwa na viwanda vya beringi. Jackson alikuwa na umri wa miaka 25. Safari 30 za vita zilizotakiwa kwake alikuwa amezimaliza, kwa kuwa aliwahi kuruka safari moja ya ziada na kundi jingine; angeweza kubaki chini kwa heshima zote, lakini wenzake walikuwa na safari moja iliyobaki, naye akataka kuimaliza pamoja nao. Siku hiyohiyo alikuwa amepata habari kwamba mkewe amejifungua mtoto wa kiume. Nilipokuwa kijana jambo hili nililipita haraka. Tangu ulipozaliwa wewe sijaweza tena.

Walikwisha kudondosha mabomu waliposhambuliwa na ndege ya kivita ya Kijerumani. Moto ukawaka juu ya bawa la kulia, karibu na tangi la petroli, kati ya kiwiliwili cha ndege na injini ya ndani. Jackson, ambaye alikuwa na vipande vya risasi mguuni na begani, alimwomba rubani ruhusa ya kwenda kuuzima. Alichomeka mtungi wa kuzimia moto ndani ya koti, akavaa parachuti, akafungua kidirisha cha dharura juu ya kichwa cha rubani, akatoka nje kwenye kimo cha mita 6,000 hivi, ndege ikienda zaidi ya kilomita 300 kwa saa.

Kabla hajatoka mwili mzima, parachuti yake ilifunguka na kumwagika ndani ya chumba cha rubani. Rubani Fred Mifflin, mwongoza njia na mlenga mabomu waliikusanya ile hariri mikononi, wakashika kamba zake na kuziachia kidogo kidogo kadiri mwenzao alivyokuwa akitambaa kuelekea nyuma. Hebu zifikirie kamba zile zikipita viganjani mwao gizani. Jackson aliteleza, akaangukia bawani, akang'ang'ania tundu la kuingizia hewa kwenye ukingo wa mbele. Mtungi ukamponyoka. Moto ukamfikia usoni na mikononi hadi akashindwa kujishikilia, akavutwa kupitia katikati ya ndimi za moto na kuanguka na parachuti iliyokuwa ikiungua huku imefunguka nusu tu.

Alivunjika kifundo cha mguu, jicho moja likafumba kwa kuungua, mikono ikawa haifai kitu, na kulipokucha akatambaa hadi kijiji cha karibu, akakamatwa. Alilazwa hospitalini miezi 10. Mifflin na mpiga bunduki wa nyuma walikufa. Wale wanne wengine waliokoka kwa parachuti.

Sasa swali lako. Jackson mwenyewe hakusimulia; wenzake waliotoka kifungoni kwa Wajerumani ndio waliosimulia, na nishani ikatangazwa Oktoba 1945. Maelezo rasmi yalisema wazi kwamba hata kama angeuzima moto, matumaini ya kurudi ndani yalikuwa madogo mno. Ina maana alipoomba ruhusa ile alikuwa akiomba kutoka bila njia ya kurejea, ili wengine 6 wabaki na ndege inayoruka. Waliompa nishani waliupima uamuzi huo. Vita ile siisifu, maana chini ya mabomu yale walikuwamo watu wenye watoto kama yeye, na hilo linaniuma. Lakini tangi lililokuwa likiwaka lilikuwa jukumu lake, na alilifuata lilipokuwa.

Ukirudi Hendon, simama upande wa kulia wa ndege. Tafuta kidirisha kilicho juu ya kiti cha rubani, kisha shusha macho taratibu hadi shina la bawa, uone kama kuna mahali popote pa kushika. Niandikie ulichokiona.

Baba yako