Maswali ya wasomaji: Pentium III imepata prosesa mpya, sasa iwekewe kadi gani ya grafiksi?

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi niko Pasua, Moshi. Nina desktop ya zamani Pentium III, mazabodi ni Intel 440BX. Ilikuwa na prosesa ya 450 MHz nikaitoa nikaweka ya 1 GHz kwa adapta, ramu nimejaza sloti zote tatu imefika MB 768, natumia Windows 98 kwa ajili ya magemu ya enzi zile, FIFA na Need for Speed. Kadi ya grafiksi ni ile ile ya MB 8, gemu zinakwamakwama. Duka moja la mtumba hapa mjini wana kadi tatu za AGP (ile sloti maalumu ya kadi ya grafiksi kwenye bodi): GeForce4 MX 440 ya MB 64, GeForce FX 5200 ya MB 128 na Radeon 9800 Pro ya MB 128. Muuzaji anasema nichukue Radeon, ndiyo kiboko. Kingine, tangu nibadilishe prosesa kompyuta ikiwaka inaandika 750 badala ya 1000. Nimeuziwa feki?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na hongera kwa kuitunza mashine hiyo, wengi wameshaziuza kwa kilo kwa watu wa vyuma chakavu.

Tuanze na hiyo 750 maana inagusa mpaka kadi utakayonunua. Prosesa yako siyo feki. Pentium III za 1 GHz zilitoka za FSB (kasi ya njia inayounganisha prosesa na bodi, kwa MHz) 100 na za FSB 133, yako bila shaka ni ya 133, na ndani imefungwa kuzidisha mara 7.5 tu, huwezi kubadilisha. 133 mara 7.5 ndiyo hiyo 1000. Sasa 440BX, chipu kuu ya bodi yako, ni ya mwaka 1998 na Intel waliitengeneza kwa FSB 100, ndo maana unapata 750. Mafundi watakwambia ingia BIOS (mipangilio ya bodi kabla Windows haijafunguka) weka 133, na kweli bodi nyingi za 440BX zinakubali, ila kuna kitu hawakwambii: AGP inatakiwa itembee kwa 66 MHz, na kwa kasi hizi chipu hiyo inajua kuipa theluthi mbili ya FSB tu basi, kwa hiyo ukiweka 133 AGP inapanda mpaka 89. Kadi isiyovumilia itaganda katikati ya gemu, au picha inajaa mistari, au Windows haifunguki kabisa. GeForce nyingi za miaka ile zinavumilia vizuri tu. Ushauri wangu, funga kadi kwanza ikiwa kwenye 100, icheze siku kadhaa bila shida, halafu ndo upandishe 133, ikizingua unajua tatizo liko wapi.

Kadi yenyewe chukua MX 440. Najua muuzaji atakushangaa. Radeon 9800 Pro ni ya 2003 na ni kadi kali kweli, lakini prosesa yako haiwezi kuilisha kazi, utalipia nguvu ambayo itakaa tu, na pia inataka waya wake wa umeme kutoka pawa saplai, sasa pawa saplai ya miaka ishirini na zaidi, na umeme wetu huu wa kupanda na kushuka, mimi siwezi kukwambia uibebeshe huo mzigo. FX 5200 isikudanganye kwa MB 128, wingi wa MB siyo kasi, na nyingi ya hizo zilikatwa njia ya memori ikawa biti 64 badala ya 128, MX 440 ya kawaida inaipita kwenye magemu unayoyataja. MX 440 ni ya 2002, haina ufundi mpya wa wakati wake, lakini gemu za 1999 na 2000 hazihitaji ufundi huo.

Kabla hujatoa hela ishike kadi mkononi, meno ya dhahabu yatazame chini, bati la kuchomekea monita liwe kushoto kwako. Angalia mikato kwenye meno. Mkato ulio karibu na bati maana yake inakubali volti 3.3, ulio mbali ni volti 1.5, ikiwa nayo yote miwili inakubali zote. Bodi yako ni ya 3.3, kwa hiyo kama mkato wa karibu na bati haupo usiinunue hata wakupunguzie bei vipi, na asije mtu akakwambia tutaipiga tupa kidogo itaingia, utaunguza kadi au bodi. MX 440 nyingi zina mikato yote miwili. Angalia pia kapasita, vile vikopo vidogo vilivyosimama kwenye kadi, zile zilizovimba juu au zilizotoa uchafu wa kahawia achana nazo, na mwambie aiwashe mbele yako.

Jambo la mwisho, ramu. Windows 98 inasumbua ikizidi MB 512, na ukiweka kadi ya AGP shida inajitokeza zaidi, inakwambia memori haitoshi wakati umeijaza tele. Toa kipande kimoja, ubaki na 512, kwa gemu hizo ni nyingi mno. Draiva (programu ya kuendesha kadi) tafuta ya 2002 hivi, hailemei prosesa kama zile za mwishomwisho.

SWALI: Niko Ngarenaro, Arusha. Desktop yangu ni Pentium III ya Intel 810, haina sloti ya AGP ila kwenye bodi naona nafasi yake kama iliachwa wazi. Fundi anasema anaweza kunichomelea sloti. Nikubali?

JIBU: Usikubali kaka. Chipu ya 810 ina grafiksi zake humohumo ndani na haina njia ya kuweka kadi ya AGP, hata sloti ikichomelewa vizuri vipi haitafanya kazi. Tafuta kadi ya PCI ya kawaida, inayoingia kwenye ile sloti nyeupe unayochomekea kadi ya sauti, GeForce2 MX na FX 5200 zipo za hivyo. Kasi haitakuwa kama ya AGP kwa sababu PCI yote inagawana MB 133 kwa sekunde, lakini utaona tofauti kubwa na ulipo sasa. Ila ukienda dukani sema PCI, na uiangalie kwa macho, wengi watakupa PCI Express ambayo haichomeki kwako kabisa. Ukishafunga, hamishia waya wa monita kwenye kadi mpya, na kama skrini ni nyeusi ingia BIOS uchague PCI ndiyo iwashe kwanza.