Polis na polisi: Malaysia na Indonesia wamebadilishana

Mleta uzi, umeuliza kama Kiindonesia ulichojifunzia kwenye simu kitakutosha ukienda kusoma Kuala Lumpur. Kuongea utaongea, maana Kimalei cha Malaysia na Kiindonesia ni ndugu, na njaa hutalala. Kazi ipo kwenye makaratasi.

Chukua neno polis. Kwenye Kiingereza utalikuta kwenye historia ya Wagiriki wa kale, yaani mji uliojitawala. Malaysia limeandikwa ubavuni mwa magari ya askari. Ukivuka kwenda Indonesia, polis ni hati ya bima, na askari wao ni polisi kama wetu. Rudi tena Malaysia uulizie hati ya bima: utaambiwa polisi! Wamebadilishana kabisa.

Mimi nilisoma Malaysia, na likizo moja tulikuwa Jakarta pikipiki ya kukodi ikagongwa. Tukaletewa fomu ya bima. Mstari mmoja Nomor Polis, unaofuata Nomor Polisi. Jamaa yangu wa Penang, hukohuko Malaysia, Kimalei ndicho alichonyonya, akauliza kwani kesi imeshafika kituoni? Wapi! Wa kwanza ulitaka namba ya hati ya bima, wa pili namba ya pikipiki, ile ya kwenye kibao. Herufi moja tu inatenganisha.

Haya ni ya wakoloni. Mwaka 1824 Mwingereza na Mholanzi waligawana eneo lile kwa mkataba, Malaya (jina la zamani la upande wa Malaysia) huku, visiwa vya Indonesia kule. Malaya wakachukua police na policy za Mwingereza, Indonesia wakachukua politie na polis za Mholanzi, kila mmoja akazitamka kwa ulimi wake. Tahajia walikuja kuisawazisha 1972, ila maana hazikuguswa.

Kuna na percuma. Ukiiona dukani Malaysia ingia haraka, hulipi kitu. Mwindonesia akikwambia hivyo, ujue umejisumbua tu. Hapo sisi tuna nafuu, maana "bure" yetu inabeba zote mbili.

Kwa hiyo tafuta mwalimu wa Kimalei cha Malaysia kabla hujaondoka, hicho cha simu kikusindikize tu. Na butuh, ambayo Indonesia ni "kuhitaji", iache uwanja wa ndege. Malaysia ni tusi la nguoni, usije ukamtolea mama mwenye nyumba. Sema perlu, pande zote wanakuelewa.