Kondensa Haipozi? Usikimbilie Kuongeza Maji

Kwa miaka saba nilikuwa kwenye mnara wa kutonesha spiriti ya molasi, ukanda wa miwa magharibi mwa Kenya. Ugonjwa uliotusumbua ulikuwa ule ule: geji ya presha juu ya mnara inapanda, spiriti inapungua, na bosi anapiga simu: "Ongezeni maji!"

Usiku mmoja tuliongeza. Maji ya kupozea yalikuwa yakiingia kwenye kondensa, chombo chenye mabomba ya maji kinachopoza mvuke wa spiriti hadi uwe kimiminika, yakiwa nyuzi 28 na kutoka 37. Tulipofungua valvu yote yakawa yanatoka 33, na presha ikakaa pale pale. Laiti ningejua kusoma namba hizo: joto lilikuwa ni lile lile, limegawanywa tu kwenye maji mengi zaidi. Shida haikuwa maji.

Mzee mmoja wa boila akapita na kikombe chake cha chai. "Vijana, hiyo kondensa mmeipima yenyewe, kichwa mpaka mkia?"

Hatukuwa tumeipima. Tukapitisha kipimajoto cha bunduki, kile kinachosoma joto bila kugusa, juu ya ganda lake. (Chuma kinachong'aa hukidanganya kifaa hicho, bandika tepu nyeusi unapopima. Na hakikisha ni kifaa kinachoruhusiwa penye mvuke wa spiriti, simu yako uiache nje.) Upande mvuke unakoingilia tulipata nyuzi 76. Upande wa mwisho, 41. Sehemu kubwa ya kondensa ilikuwa imelala.

Pombe inayotoka kwenye matangi ya kuchachushia huja na kaboni dayoksaidi ndani yake. Mvuke wa spiriti ukipoa na kuwa kimiminika, gesi hiyo haigeuki. Mvuke unaisukuma hadi mwisho wa kondensa, inajikusanya pale na kuyafunika mabomba, na mvuke unaofuata unabaki kujipenyeza polepole. Ndiyo maana pana tundu la kuitoa. Letu lilikuwa limefungwa: mtu wa zamu ya mchana alisikia harufu ya spiriti, akaona mali inapotea. Nia yake ilikuwa njema kabisa. Tukafungua valvu ya tundu hilo robo tu, na kabla chai ya mzee haijaisha geji ilikuwa inashuka.

Kwa hiyo anza na tundu. Liwe mbali na mvuke unakoingilia, na gesi yake ipite kwanza kwenye kondensa ndogo ya maji baridi ili spiriti iliyomo irudi. Ukiwa hapo, angalia pia kama spiriti inatoka vizuri chini. Ikirudi nyuma, mabomba ya chini yanazama na hayafanyi kazi.

Ukishamaliza hapo ndipo ufikirie ukoko wa chokaa ndani ya mabomba. Uwezo wa chokaa kuyeyuka hupungua kadiri maji yanavyopata joto, kwa hiyo huganda pale pale kwenye bomba la moto. Milimita moja tu ya ukoko huzuia joto zaidi kuliko unene wote wa bomba la chuma cha pua. Sisi tulijiletea wenyewe: msimu wa baridi tulikuwa tunabana maji ili kupumzisha pampu. Maji yakienda chini ya mita 1 kwa sekunde, matope yanatulia ndani ya mabomba, na kwa kuwa maji yanatoka na joto zaidi, chokaa nayo inafuata. Afadhali uyaache yaende kasi.

Kusafisha, tumia brashi, kisha asidi ya sitriki iliyozimuliwa, ukisuuza vizuri. Asidi ya haidrokloriki usiiguse kwenye chuma cha pua hata fundi wa mtaani akikuapia. Kloridi zake hukitoboa vishimo.

Siku hizi valvu ile ya gesi ina waya na kibao chekundu: USIFUNGE. Mwaka jana tulikuta mtu amekata waya.