Nishambulie au Nisubiri?

SWALI: Kaka, nina vitabu viwili vya poka, mchezo wa karata wa kuwekeana dau. Kimoja kinataka nipandishe dau kila mara, nisimpe mtu nafasi ya kupumua. Kingine kinasema nitupe karata mpaka nishike jozi nzito. Cha kwanza kimenimaliza chipu mara tatu mfululizo; cha pili kimenigeuza mtazamaji. Nishike kipi? – Msomaji, Mombasa

JIBU: Ndugu yangu, usichome hata kimoja. Tazama mkono huu. Una kopa mbili, na kwenye karata nne zilizofunuliwa mezani kuna kopa mbili; bado karata moja, na ikiwa kopa, unakuwa na kopa tano, mkono mzito. Katikati kuna chipu 4,000, mpinzani anaongeza 2,000. Kati ya karata 46 usizoziona, kopa zimebaki 9, yaani nafasi karibu moja kati ya tano. Kulipa 2,000 kuwania 6,000 kunahitaji nafasi moja kati ya nne. Kama ni kulipa tu, kitabu cha pili, cha mwoga, kina haki: tupa.

Lakini ukipandisha hadi 7,000, unapata njia ya pili ya kushinda: mpinzani kutupa zake. Nguvu yote ya kitabu cha kwanza iko hapo. Doyle Brunson, bingwa wa dunia mwaka 1976 na 1977, alisifika kwa kushambulia, ila shambulio linataka mtu anayeweza kuogopa. Naamini wenzako hawatupi kitu; wanalipa hata kwa jozi dhaifu. Kwao hadaa ni sadaka.

Jioni ijayo hesabu tu: dau likipanda, wangapi wanatupa? Wakiwa wachache, subiri jozi nzito, kisha wape dau kubwa bila huruma.