Wazee wanasema "nzuri sana", kisha hawaitumii

SWALI: Sisi ni vijana watatu wa Majengo, Moshi. Tumetengeneza programu ya simu ya kuwakumbusha wazee dawa za presha na kisukari. Tuliwaonyesha kina bibi na babu baada ya ibada, wakasema "nzuri sana wanangu, Mungu awabariki." Mwezi umepita, hakuna anayeifungua. Tuwaulizeje watuambie ukweli?

JIBU: Mlipewa baraka, siyo maoni. Kijana kaamkia shikamoo, kaleta kazi ya mikono yake, kisha anauliza "mnaionaje?" mbele ya watu. Mzee gani ataitia dosari? Swali hilo lifuteni. Mpeni kazi: "Bibi, ile dawa yako ya saa mbili usiku, hebu iingize humu." Halafu nyamazeni.

Simu huhesabu saa kuanzia katikati ya usiku, kwa hiyo bibi ataandika 2:00, na kengele italia saa nane za usiku, nyumba nzima imelala. Kwa mdomo asingewaambia hilo kamwe, kwa sababu hajui kama pana kosa. Mtaona pia kidole kikikaa juu ya alama mpaka simu idhani anataka kuihamisha, au kidole kikavu kikigonga mara tatu bila simu kuitika. Andikeni alipokwama na alichosema. Msimsaidie kabla ya dakika moja kamili, ambayo ni ndefu kweli kwa mliozoea kurukia simu za bibi zenu.

Kabla ya kuanza mwambieni: "Tunaipima programu, hatukupimi wewe. Tusaidie kutafuta kasoro zake." Hapo kuitaja kasoro kunakuwa msaada, siyo utovu wa adabu.

Nendeni nyumbani kwa mmoja mmoja, asubuhi baada ya chai, isiwe siku ya soko wala ya kliniki, na msizidishe dakika 40. Kwenye kikundi mwenyekiti akishasema, wengine huitikia tu. Mjukuu naye apewe shughuli nje, maana atainyakua simu na kumjibia. Tumieni simu ya mzee mwenyewe. Kama ana kitochi, simu ndogo ya vitufe isiyoingiza programu yenu, jibu la kwanza mmeshalipata. Watano au sita wanatosha kwa awamu moja: rekebisheni, kisha tafuteni wengine. Changanyeni wa miaka 60 na wa 80, anayetetemeka mikono, asiyejua kusoma.

Kengele ipimeni simu ikiwa ndani ya mkoba, chumba cha pili. Uzeeni masikio hupoteza kwanza sauti nyembamba, hivyo mlio wa ndege mnaoupenda ninyi yeye hausikii. Wekeni mlio mzito.

Baada ya wiki msiulize "unaitumia?" Atasema ndiyo. Semeni "tuonyeshe ulivyofanya jana usiku," na akiruhusu, hesabuni vidonge vilivyobaki.

SWALI: Nachomelea vyuma Unga Limited, Arusha. Nimepata oda ya fremu za wazee kushikilia wakitembea. Niwaulize nini kuhusu urefu?

JIBU: Usiulize, pima. Mzee asimame wima na viatu vyake vya kila siku, mikono ikining'inia. Mpini ufike kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono. Miguu iwe ya bomba mbili zinazoingiana, yenye matundu ya kupandisha na kushusha. Kisha atembee nayo kwake: kwenye kokoto, kizingiti, njia ya chooni. Mabega yakipanda, mpini umezidi urefu, akiinama, umepungua.