Uliza Tukujibu: maji yanayokimbia Msasani, kivuli kilichopotea na zile namba za LUKU

Mambo vipi kaka, nakaa Msasani, kuna wiki maji ya bahari yanarudi nyuma kinoma mpaka ngalawa zinalala kwenye mchanga na watoto wanapiga mpira palepale, wiki inayofuata hata usubiri kutwa nzima yanasogea kidogo tu. Ni upepo au nini?

Poa ndugu yangu. Upepo hauna kesi hapa, mwenye kesi ni mwezi. Mwezi unayavuta maji ya bahari, jua nalo linavuta ila kwa nguvu isiyofika nusu ya ile ya mwezi maana liko mbali mno. Sasa mwezi ukiandama, au ukiwa mpevu, basi jua, mwezi na dunia vinakaa karibu mstari mmoja, mivuto inajumlishana, na siku moja mbili baadaye unapata bamvua, maji yanajaa sana na yanapwa sana, hapa Dar tofauti ya kujaa na kupwa inapita mita 3. Mwezi ukiwa nusu kila mmoja anavutia upande wake, wanapunguziana nguvu, ndo yale wavuvi wanaita maji mafu, tofauti inashuka mpaka mita moja hivi.

Kitu ambacho watu wengi wa mjini hawajakishtukia ni kwamba bamvua ya kwetu ina mida yake. Maji yanakuwa yamepwa kabisa kwenye saa nne au saa tano asubuhi, halafu yanajaa kwenye saa kumi jioni, na usiku vilevile. Kila siku yanachelewa kama dakika 50 kwa sababu mwezi wenyewe unachelewa kuchomoza, kwa hiyo ukifika kwenye maji mafu mida imeshageuka, asubuhi ileile ya saa nne unakuta yamejaa. Akina mama wa mwani kule Paje, Zanzibar, wanapanga kazi yao yote kwa bamvua, siku za maji mafu mashamba hayafikiki vizuri. Na zile bamvua kubwa kuliko zote angalia karibu na mwezi wa tatu na wa tisa, jua likiwa limesimama usawa wa ikweta. Ukitaka kuokota simbi na mwanao, usiangalie kalenda ya ukutani, angalia mwezi.

Mbona Dar tuna bahari kibao lakini picha za jua kuzama baharini wanapiga wenzetu tu?

Kwa sababu bahari yetu iko mashariki, dada yangu, jua linazama huko Pugu na Kisarawe. Ukitaka la kuchomoza baharini amka alfajiri uende ufukwe wa Coco. La kuzama majini lipo pia, nenda Slipway, pale rasi ya Msasani imegeukia magharibi na mbele yako kuna ghuba. Bei ya soda ya pale jiandae nayo lakini.

Mimi fundi ujenzi, Tabata. Mwaka jana mwezi wa kumi tumesimamisha nguzo, mchana nikaona haina kivuli kabisa, wenzangu wakaanza maneno ya ajabu ajabu. Kuna nini pale?

Hakuna mkono wa mtu fundi, na hongera, maana inaonyesha nguzo yako imesimama wima kweli. Dar iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, jua nalo kwa mwaka linahama, mwezi wa sita liko juu ya nchi za kaskazini, mwezi wa kumi na mbili liko kusini yetu. Katika kwenda na kurudi linapita juu ya utosi wetu mara mbili, mwanzoni mwa Machi na karibu na tarehe 10 Oktoba. Hizo siku kitu kilichosimama wima kivuli chake kinajificha chini yake mwenyewe. Mtwara wao wanapata mapema kidogo kwenye Februari ikienda kuisha na tena kama tarehe 20 Oktoba, Mwanza ni katikati ya Machi na mwisho wa Septemba. Mtu wa Cairo au London hajawahi kuliona hilo kwao na hataliona.

Ila usisubiri saa sita kamili. Saa ya Tanzania imepangwa kwa mstari unaopita baharini huko mashariki yetu, kwa hiyo jua la Dar linachelewa kufika juu, mwezi wa kumi ni kama saa sita na dakika 10, Machi inaenda mpaka saa sita na nusu na kidogo. Kigoma ndo balaa, mchana wao wa kweli unakaribia saa saba.

Kaka naomba unieleze, 2024 niliponunua umeme nililetewa namba tarakimu 20 mara tatu, nikaambiwa za kwanza mbili ni za kuboresha mita. Kuboresha nini wakati mita ni ileile?

Hili swali nalipenda kuliko yote. Mita yako ya LUKU haina intaneti, haimpigii mtu simu, kila inachokijua kinaingia kwa zile namba unazobonyeza. Ndani ya namba 20 kuna idadi ya yuniti pamoja na muhuri wa muda, yote yamefichwa kwa ufunguo wa mita yako peke yake. Muhuri ule ulikuwa hesabu ya dakika toka tarehe 1 Januari 1993, na nafasi yake inaishia dakika milioni 16 na laki saba na ushee, ambazo zilikuwa zinatimia Novemba 24, 2024. Baada ya hapo hesabu inarudi sifuri kama kilometa za gari la zamani. Mita inakumbuka mihuri ya tokeni, yaani zile namba 20, zilizopita ili mtu asiingize moja mara mbili, sasa ikiona muhuri wa karibu na sifuri ingesema hii ya zamani, ikaikataa, hata kama umelipa hela yako halali dakika hiyohiyo. Zile namba mbili za mwanzo ziliipa ufunguo mpya na kuifuta kumbukumbu, hesabu ikaanza upya, safari hii toka mwaka 2014. Haikuwa Tanzania peke yake, nchi zote zenye mita za mfumo huo zilipitia hivyohivyo, na hesabu ya sasa inatupeleka mpaka miaka ya 2040.

Na wale mnaouliza kama unaweza kumwazima jirani tokeni yako, hapana, ufunguo wa mita yake ni mwingine. Ukitaka kumsaidia mnunulie kwa namba ya mita yake.