Mazuku tunayaogopa, moshi wa mbabula hatuna habari nao

Mmetuuliza wiki hii kama hewa chafu na mabadiliko ya tabianchi vinatishia uhai kweli, au ni hofu ya matajiri. Najibu kutoka Goma, mashariki mwa Kongo, mji ambao mtoto hufundishwa kuogopa hewa kabla hajajua kusoma.

Sisi tuna mazuku. Ni kaboni dayoksaidi inayotoka ardhini, haina rangi wala harufu, na kwa kuwa ni nzito kuliko hewa ya kawaida hutuama mashimoni kama maji, hasa usiku pasipo upepo. Mbuzi akiinamisha kichwa humo kutafuta majani, hainuki. Mtu mzima aweza kupita wima mahali ambapo mtoto anaanguka. Hata wanasayansi wageni wamelichukua neno letu jinsi lilivyo. Kwenye ripoti zao wanaandika mazuku.

Basi jirani yangu, anayepikia mbabula, yaani jiko la mkaa, hunitania: “Volkano yetu Nyiragongo inafuka usiku na mchana, wewe unanisumbua na mbabula yangu?” Utani mtamu, ila hesabu inamkataa. Volkano zote za dunia kwa pamoja hazifikishi hata moja ya mia ya kaboni dayoksaidi anayoitoa binadamu. Kabla ya viwanda, katika kila chembe milioni moja za hewa, kama 280 zilikuwa za gesi hiyo. Leo zimepita 420. Kiasi hicho hakimwangushi mbuzi. Kazi yake ni kuzuia joto lisitoke, na kwa kila nyuzi moja ya joto inayoongezeka, hewa inaweza kubeba mvuke zaidi kwa karibu asilimia 7. Mvuke huo una siku yake ya kushuka.

Tarehe 4 Mei 2023 mafuriko yalizoa Bushushu na Nyamukubi, kule Kalehe, njia ya kwenda Bukavu. Waliokufa walipita 400. Baadaye wanasayansi wakajaribu kupima kama tabianchi ilichangia mvua ile, wakashindwa kutoa jibu kwa sababu takwimu za mvua za eneo letu ni haba mno. Hilo liliniuma. Volkano ina wataalamu wanaoisikiliza kila siku, na ni haki yake. Mvua je? Wapo wanaosema kosa ni la vilima vilivyonyolewa miti. Sibishani nao, mti na mvua si kesi mbili.

Na miti hiyo naijua inakoishia. Mama yangu anakaanga maandazi kwa makala, yaani mkaa, mwaka wa ishirini na kitu sasa. Gunia linafika kwetu juu ya chukudu, baiskeli yetu ya mbao ya kusukuma, na mara nyingi msitu uliolizaa ni wa Virunga, hifadhi ya taifa. Alipoanza kukohoa, muuguzi wa kituo kimoja cha afya alimuuliza kama anavuta sigara. Mama akacheka hadi kikohozi kikamshika tena. Hakuna aliyemuuliza anapikia wapi. Moshi wa majikoni huua watu kama milioni 3 kila mwaka duniani, kwa chembe ndogo zinazopenya mapafu hadi damuni, lakini kwa kuwa hauui kwa usiku mmoja, hatujaupa hata jina. Gunia lile lile limeondoa mti mlimani na kuweka moshi kifuani mwa mama. Mnapouliza hewa chafu na tabianchi kama vitu viwili, mimi naona gunia moja.

Umeme umefika mtaani, kweli. Ila kukaanga kwa umeme tangu alfajiri, faida ya maandazi haiwezi kuubeba. Tumekubaliana, mimi na mama, kwamba mbabula ikae nje, chini ya bati nililomtengenezea kando ya ukuta. Ameitii vizuri msimu wote wa kiangazi. Mvua ikianza, na siku hizi ikianza inapiga kwa ubavu, bati halimsaidii. Anaibeba mbabula na kuirudisha ndani.